Machinga ni Jina la Nani?

Wapo watu wazima wenzangu, tena wasomi, ambao hawawezi kumsikia kijana wa Kariakoo akisema "sisi machinga" bila kukunja uso. Husema kijana huyo anajitukana mwenyewe. Husema neno lililoanza kwa dharau haliwezi kuwa sifa eti kwa sababu aliyedharauliwa ameamua kulichapa kwenye fulana. Wengine huenda mbele zaidi: maadamu wenyewe wanajiita hivyo, basi na sisi sote tuna haki ya kuwaita hivyo, pasiwe na malalamiko. Nimeyasikia maneno haya kwenye mabaraza ya Magomeni tangu nilipostaafu na kupata nafasi ya kukaa barazani, na nimeyasoma magazetini pia. Nayapinga yote mawili. Lakini upinzani wangu una mkia, na mkia huo utawaudhi hata vijana ninaowatetea. Msomaji anivumilie tufike huko.

Kwanza tukumbushane neno lenyewe limetoka wapi. Wamachinga ni watu. Ni kabila la mkoa wa Lindi, wana lugha yao, na ni majirani wa Wamwera na Wamakonde. Wako wanaodai kwamba neno hili limezaliwa mjini kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao. Hiyo ni hadithi ya kijiweni, inachekesha, na ubaya wake ni kwamba inawafuta watu wazima pamoja na makaburi ya babu zao.

Kilichotokea hakina fumbo. Lindi na Mtwara zilikaa nyuma kwa muda mrefu. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Daraja la Mto Rufiji halikuwapo hadi mwaka 2003. Kabla ya hapo msafiri alisubiri kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika barabara ilikuwa haipitiki. Mashamba ya mkonge yalikufa, na bei ya korosho ilipanda na kushuka bila mkulima kujua kwa nini. Vijana wakaja Dar es Salaam. Hawakuwa na ndugu maofisini wala mtaji wa kufungua duka, wakabeba bidhaa mkononi: soksi, vitana, saa, mashati ya mitumba, wakatembea kutwa kutoka Kariakoo hadi Posta na kurudi. Mjini wakaambiwa ni Wamachinga, awe Mmachinga kweli, awe Mmwera, Mmakonde au Myao. Jina lilitamkwa kwa sauti ileile ambayo mtu wa mjini husemea "mshamba". Ndani yake mlikuwa na kusini, mlikuwa na kutosoma, mlikuwa na vumbi la miguuni na shaka kwamba huyu akipita karibu shika mfuko wako.

Serikali nayo ilikuwa na maneno yake. Iliwaita wazururaji. Mwaka 1983 ilipopitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mitaani na kupakiwa malori ili wakalime, na mtu mwenye sinia la karanga kichwani hakuhesabiwa kuwa anafanya kazi. Miaka michache baadaye zilipoanza kutolewa leseni ndogo za biashara, watu wakaziita "nguvu kazi". Msomaji atazame jambo hilo kwa makini. Jina la sheria iliyowafukuza lilikuwa sasa jina la karatasi iliyowaruhusu kukaa, na mtu akilitamka alilitamka huku akipapasa mfuko wa shati kuhakikisha karatasi ipo. Hapakuwa na profesa aliyewafundisha kufanya hivyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa machinga pia. Katika miaka ya 1990 kijana aliyeulizwa kazi yake akajibu, "Mimi machinga," bila kuinamisha kichwa. Baadaye wakajiunga, na leo wana Shirikisho la Umoja wa Machinga Tanzania, SHIUMA kwa kifupi, lenye viongozi wanaoketi na mawaziri. Mzee mwenzangu anayesema kijana huyu anajitukana anataka kijana ajiite nani? Mzururaji? Au "mjasiriamali mdogo", neno refu lililotengenezwa kwenye semina, ambalo hakuna mama aliyewahi kumwitia mwanawe?

Hoja yao ya kwanza, kwamba neno baya ni baya kinywani mwa yeyote, inanishangaza inapotoka kwa Watanzania, watu ambao tumelelewa katika utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mngoni na Mhehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Mtani anakuja msibani kwako, marehemu bado yuko ndani, anaingia kaburini na kulala humo akidai alipwe ndipo atoke. Anamwita marehemu mlafi, anasema mlikuwa mnamnyima chakula, anaiga namna alivyokuwa akitembea kwa kuchechemea. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Sasa mtu mwingine asiye mtani, jirani tu au mpita njia, ajaribu kusema nusu ya maneno hayo katika matanga hayohayo. Atatolewa kwa magongo.

Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi. Tofauti ni nani anayasema, na nani anayalipia. Utani una malipo: leo mimi nalala katika kaburi la babu yako, kesho wewe utalala katika kaburi la babu yangu. Asiye na kaburi la kutoa hana ruhusa ya kuingia kwenye kaburi la mwenzake. Wahenga wetu waliliweka jambo hili sawa kabisa bila kuandika sheria hata moja, na mimi sioni kwa nini tujifanye wageni wa busara hiyo kwa kuwa tu mahali penyewe ni Mtaa wa Congo.

Kwa hiyo anayeuliza, "Kama wao wanajiita, mimi nikiwaita kosa langu nini?" nitamjibu kwa swali. Wewe unatoa nini? Kijana akimwambia mwenzake, "Machinga mwenzangu, nishikie meza nikaswali," ndani ya neno hilo kuna kesho yake mwenyewe, kwamba meza yake nayo itashikwa. Mgambo wa jiji akisema, "Nyie machinga, toeni takataka zenu," neno ni lilelile, lakini yeye hana meza, ana kirungu. Na bwana mkubwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kioo kimepandishwa, akisema machinga wamejaa mno hata gari halipiti, naye hatoi kitu. Anataka tu kushika neno upande wa mpini.

Hapa Magomeni tunalijua jambo hili kwa ngozi zetu, maana tuna neno letu. Wakoloni waliugawa mji huu kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpaka leo mtu akitaka kusema jambo ni la ovyo, la majungu na ahadi za uongo, husema "huo ni uswahili". Huko Zanzibar enzi za ukoloni watu wengi waliona heri kuandikwa Washirazi kuliko Waswahili, kwa sababu jina la Mswahili lilinuka utumwa. Watoto wetu wa Magomeni, Manzese na Tandale wamelifupisha wakasema "uswazi", wakaliimba, na sasa vijana wa Masaki wanataka waonekane wa uswazi. Nacheka ninapowaona. Lakini mwenye nyumba wa Oysterbay akimwambia mfanyakazi wake "acha uswahili", sicheki.

Sasa wako watu ambao wamechagua kinyume, na kuchagua kwao nako ni haki. Nchini kwetu viziwi wana chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, tangu miaka ya 1980. Hawakuona haya kulitumia neno viziwi, na pale Buguruni ipo shule yenye jina hilo langoni. Wasioona wana chama chao pia, nao wakaona jina la vipofu hawalitaki, wanaitwa Chama cha Wasioona. Makundi mawili, nchi moja, lugha moja, hukumu mbili. Aliyekosea ni nani? Hakuna. Kila mmoja anajua neno lake lilimgonga wapi.

(Nimewahi kusikia katika warsha kwamba maneno kama kiziwi, kipofu na kilema ni ya dharau kwa sababu yako katika ngeli ya KI-VI, ambayo ni ngeli ya vitu. Nilifundisha sarufi kwa miaka mingi, na nasema hoja hiyo ni nyepesi. Kiongozi naye yuko katika ngeli hiyohiyo, na kijana, na kinyozi. Sijaona kiongozi aliyeandika barua kulalamika kwamba amefanywa kitu. Kama neno linaumiza, linaumiza kwa sababu ya waliolitumia na walivyolitumia. Kiambishi hakina kosa.)

Na liko neno ambalo sijui kundi lolote lililoweza kulifuga. Chama cha wenye ualbino kilianzishwa mwaka 1978, na neno zeruzeru lilikuwa likirushwa mitaani kama mawe tangu zamani. Lakini kuanzia mwaka 2007 hivi, mauaji yalipozidi Kanda ya Ziwa na viungo vya binadamu vikawa bidhaa ya waganga, neno hilo lilibadilika uzito. Lilikuwa linatangulia panga. Neno likifika hapo, kicheko cha mwenyewe hakitoshi kulipooza. Kijana mwenye ualbino akilitumia kwa kujitania na nduguye chumbani, mimi si wa kumzuia. Ila simtarajii alichape kwenye fulana, na ninaona chama kilifanya vyema kusisitiza "mtu mwenye ualbino" hata kama ni maneno matatu mahali pa moja. Niongeze tu kwamba waliomchagua kwa kura mbunge wa jimbo wa kwanza mwenye ualbino katika nchi hii, Salum Khalfani Barwany, mwaka 2010, walikuwa watu wa Lindi Mjini. Ndio haohao watu wa kusini ambao mji huu uliwaona washamba.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Wamarekani weusi wana neno lao, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu hiyohiyo ninayoieleza. Richard Pryor, mchekeshaji wao mkubwa, alilitumia hata katika majina ya sahani zake za santuri. Mwaka 1979 alisafiri Kenya. Alipotazama watu weusi kila upande, wakiendesha magari, wakikaa maofisini, wakiongoza nchi, aliona hakuna hata mmoja ambaye neno lile lingemfaa, akarudi kwao akasema hatalitumia tena. Mwaka 2007 chama chao cha NAACP kililifanyia mazishi neno hilo mjini Detroit, kwa jeneza na farasi. Hata hivyo wanamuziki vijana wanaendelea nalo. Wanabishana, baba na mwana, na hawajamaliza. Mimi katika ubishi huo nina la kusikiliza tu, sina la kuamua. Pryor alilitua neno kwa kuwa alikuwa amelibeba. Mzungu akilitua anatua kitu ambacho hakikuwa mzigo wake.

Basi nimewatetea vijana, na sasa nifike kwenye ule mkia.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu tulipokea chuoni kwetu mwanafunzi kutoka Lindi. Siku ya kujitambulisha kila mmoja alitaja jina na atokako, na mwenzao mmoja kwa mzaha akaanzisha mtindo wa kutaja kabila. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi Mmachinga." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akauliza bei ya soksi. Walicheka bila chuki; walidhani ametania. Akasimama pale akisubiri wanyamaze, kisha akasema taratibu, "Sina utani. Ndivyo tulivyo." Wakacheka tena. Kwa miaka yake miwili pale chuoni waliendelea kumwita "bosi wa Kariakoo", na alipokuja ofisini kwangu kwa jambo jingine aliniambia, "Mwalimu, mimi sijawahi kuuza kitu. Baba yangu ni mkulima. Hilo jina tulikuwa nalo kabla ya Kariakoo."

Huyu naye tumweke wapi? Kijana wa kusini aliyetukanwa kwa jina hili analo haki ya kulitwaa na kulivaa. Lakini leo kwenye meza za Kariakoo yupo Mchaga, yupo Msukuma, Mnyiramba, Mnyakyusa, na wote ni machinga. Hao hawakurudisha neno lililowahi kuwapiga kwa ukabila wao. Wameliazima kwa jirani, na jirani hakuulizwa. Kwake halikuwa tusi la kugeuzwa. Lilikuwa jina lake safi, likatekwa likawa tusi, kisha likakombolewa likawa la kazi, na katika safari zote hizo mbili hapakuwa na aliyegonga mlango wake.

Najua nitaambiwa kwamba mambo hayo yamekwisha kutokea na lugha haina breki. Nitatajiwa Wanyamwezi, ambao jina lao lenyewe walipewa na watu wa pwani, na ambao katika karne ya 19 walikuwa wapagazi wengi kiasi kwamba jina likaanza kumnata mpagazi yeyote. Nao leo wanalibeba kwa fahari. Ni kweli. Lakini Wanyamwezi ni wengi, wana mji wa Tabora, wana Mtemi Mirambo katika vitabu vya shule, hawawezi kupotea ndani ya neno. Wamachinga ni wachache. Mtoto wao akienda shuleni Dodoma au Mwanza akitaja kabila lake, darasa zima halijui kwamba kuna kabila. Ndiyo tofauti, na si ndogo.

Na kuna wa tatu aliyenufaika na neno hili, naye ni serikali. Mwaka 2010 lilikamilika jengo kubwa la ghorofa pale Karume, Ilala, likaitwa Machinga Complex, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa kuwa mnunuzi hapandi ngazi kutafuta soksi. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kimoja. Kwenye matangazo viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Mitaani na hata majukwaani vikaitwa vya machinga. Wenye navyo walidhani wamepata hati ya kukaa. Septemba na Oktoba 2021 likaja agizo la kuwapanga upya, na meza zikabomolewa, na lile neno walilokuwa wamelitengeneza kuwa ngao likasomwa kwenye vipaza sauti vya magari ya manispaa: machinga waondoke barabarani. Mwaka mmoja kabla, mtu angesema wanaondolewa wafanyabiashara, walipa ada, raia wenye familia. Waliposemwa kuwa ni machinga, watu wengi hapa barazani waliona jambo la kawaida, kama kufagia.

Hapo ndipo ninapowakatalia wakubwa bila kubakiza. Neno ambalo mnyonge amelisafisha kwa jasho lake si la ofisi. Ofisi ina maneno yake mengi, ilipie hayo. Waziri akiwa ameketi na SHIUMA aite chama kwa jina lake, kama tunavyotaja jina la chama chochote. Lakini akitoa amri ya kumwondoa mtu, amtaje kwa kazi yake na haki zake, ili kila asikiaye ajue ni nini hasa kinachoondolewa.

Kwa wahariri wa magazeti nina ombi dogo la kimwalimu. Vijana wenyewe wanapozungumza husema "machinga mmoja", "machinga wale", bila kiambishi mwanzoni. Hawasemi Mmachinga. Lugha yao imekwisha kuanza kutenganisha, kwa hekima kuliko vyumba vya habari, ambavyo kila siku vinaandika "Wamachinga wagoma", "Wamachinga wahamishwa". Waacheni watu wa Lindi na M- yao na Wa- yao, na herufi kubwa mwanzoni. Muuza soksi atosheke na machinga kwa herufi ndogo, kama yeye mwenyewe anavyotamka. Najua ni herufi chache tu. Lakini yule mwanafunzi wangu sasa ni mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko kwao, na aliniambia kwa simu mwaka jana kwamba watoto wa darasa la tatu walileta kipande cha gazeti wakamuuliza kama serikali imeamua kuwahamisha.

Nilimuuliza aliwajibu nini. Akasema aliandika ubaoni "machinga", chini yake akaandika "Wamachinga", akawaambia wanakili yote mawili kwenye madaftari, na kengele ikalia kabla hajamaliza kueleza.